Upepo Ulipouchukua Ukumbi wa Mangeni

Damalie Nerima alimiliki ukumbi wa video kwa miaka mingi, na sidhani kama aliwahi kutazama filamu moja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Yeye alikuwa mtu wa kusikiliza. Alikaa kwenye kiti chake mlangoni, mgongo akiipa televisheni na uso akiipa barabara, akipokea watu huku akichambua kunde za chakula cha jioni, na masikio yake yote yalikuwa ndani.

Mimi naitwa Maggie. Hoteli yangu ya chakula ilitazamana na mlango ule, upande wetu wa Busia, ule wa Uganda, pale malori yanapopanga foleni kungoja makaratasi ya forodha. Kwa hiyo nilimwona Damalie kila siku ya Mungu, asubuhi akifagia, jioni akifunga. Tulizeeka tukitazamana.

Ukumbi ule aliujenga mume wake, Isaac Mangeni, Msamia wa Buhehe kama sisi. Matofali aliyachoma mwenyewe nyumbani, akayaleta mjini kidogo kidogo kwenye trekta ya jirani aliyekuwa akija sokoni. Siku hizo filamu zilikuwa za Kichina na za Kihindi, na hakuna aliyejua wanasema nini. Isaac ndiye aliyekuwa vijei, yaani yule mtu anayekaa kando ya televisheni na maikrofoni yake, akiwasimulia watazamaji yanayosemwa. Alisimulia kwa Kiswahili chetu cha mpakani, kile cha kuchanganya. Mbaya wa filamu akiongea, Isaac aliongea kama karani fulani wa soko aliyekuwa anatusumbua wote. Mama mzazi wa nyota wa filamu akilia, alilia kwa Lusamia, lugha yetu, na wanawake wa sokoni walilia naye.

Isaac alifariki kwa ugonjwa wa figo. Haikupita muda mrefu korona ikaja, serikali ikafunga kumbi zote, mpakani pakanyamaza, malori yakawa yanapita madereva wamefunga midomo kwa barakoa. Kumbi ziliporuhusiwa kufunguliwa, watu walikuwa wamekwisha kuzoea simu. Damalie alifungua mlango, akawasha televisheni, akakaa kwenye kiti chake. Mle ndani walikaa watu wachache waliokuwa wanakimbia jua.

Niliwahi kumwambia, "Dada, si ufanye stoo? Watu wa mahindi wanatafuta mahali pa kuweka magunia."

"Hapa pakae magunia?" akaniuliza. "Isaac alijenga stoo?"

Sikumwambia tena.

Ndipo alipokuja Othieno. Alikuwa kijana wa Kirewa, huko Tororo, Mupadhola kwa kabila, mrefu na mtulivu wa uso, na alikuwa amekuja Busia kusindikiza mihogo mikavu ya mjomba wake. Mzigo ulikwama, naye akaingia ukumbini kupoteza muda. Filamu ilikuwa ya kupigana, ya Kichina, na maandishi ya Kiingereza yalipita chini mbiombio kama sisimizi. Othieno alianza kumnong'oneza mzee aliyekaa karibu naye. Mzee akacheka. Wa mbele yao akageuka kusikiliza, na wa mbele yake pia. Baada ya kitambo kidogo ukumbi mzima ulikuwa umegeuza vichwa kwake, na mtu mmoja akapiga kelele: "Wewe, sema kwa nguvu, sisi pia tunasikia!"

Akasimama. Mimi nilikuwa namkatia mtu samaki ng'ambo ya barabara, na niliona Damalie anainuka kwenye kiti chake polepole, kunde zikamwagika kwenye sketi yake, na hakuziokota. Baadaye aliniambia: "Maggie, sauti si ya Isaac. Lakini ile nafasi anayoacha kabla ya neno, ile ya Isaac kabisa."

Ilianza hivyo. Miezi michache tu ikapita na madereva wa Mombasa walikuwa wanauliza wakishuka kwenye trela: "Yule jamaa wa Kirewa leo yuko?" Othieno hakumwiga Isaac, maana hakuwahi kumsikia. Alikuwa na yake. Polisi wa filamu akiwa mkali, aliongea Sheng ya vijana wa upande wa Kenya. Mchumba akiwa anadanganya, aliongea Kiingereza cha ofisini. Mtu akiwa amejificha na njaa inamuuma, Othieno alisema, "Huyu sasa anafikiria pale kwa Maggie, anaona ugali wa wimbi, anaona samaki wa ziwani Majanji, lakini adui amesimama katikati." Basi filamu ikiisha, walikuja kwangu kundi zima wakicheka, wakiagiza kile alichokula mtu wa filamu. Nilikuwa nachoka vizuri siku hizo. Hata leo nikisikia watu wanacheka pamoja mahali palipofungwa, moyo unarudi pale.

Tatizo la vijei mzuri ni kwamba hasikiki kwa mtu mmoja tu. Mwenye ukumbi mmoja wa upande wa Kenya, kijana anayeitwa Kevo, alianza kuja kula kwangu mara nyingi kuliko njaa yake, akimngojea Othieno. Damalie akaona. Siku moja alivaa gomesi yake ya kanisani, lile gauni refu la mabega yaliyochongoka, akamshika Othieno mkono, wakaenda kwa wakili.

Wakili Harriet alikuwa binti wa parokia yetu, tuliyemwona akikua, na ofisi yake ilikuwa juu ya duka la simenti. Aliwaandikia mkataba wa miaka mitatu. Othieno atasimulia filamu katika Ukumbi wa Mangeni na si mahali pengine popote, Uganda wala Kenya. Damalie naye hataleta vijei mwingine, na atamlipa hata siku ambazo watu ni wachache. Wote wawili walitia sahihi. Othieno alirudi kwangu akala, akasema, "Mama Maggie, sasa mimi ni kama bwana harusi. Siwezi kuangalia kando."

Mwaka ule wa kwanza na nusu ulikuwa mtamu. Damalie alipaka ukumbi rangi ya samawati. Alinunua spika mpya. Alianza hata kuvaa hereni siku za kazi. Mimi niliongeza meza mbili na msichana wa kunisaidia kuosha vyombo.

Kisha ikaja mvua ya Machi.

Ilikuwa Jumamosi alasiri. Joto lilikuwa limetukaba tangu asubuhi, na upande wa Tororo anga ikawa nyeusi mpaka ule mwamba mrefu wa mji wao ukapotea. Othieno alikuwa kwangu anamalizia chai, bado muda kidogo aingie kazini. Damalie alikuwa amefungua mlango na kuja kuniomba chumvi. Upepo ulipiga ghafla, haukutuonya. Nilisikia mlio kama wa lori linalopasuka gurudumu, nikatazama, na paa la ukumbi lilikuwa limeinuka zima zima, mabati na mbao zake, likasimama hewani kama kitabu kilichofunuliwa, kisha likaanguka nyuma kwenye mtaro. Tukabaki tumeshika milango. Mvua ikaja juu ya kuta zilizobaki wazi. Isaac alikuwa amejenga kwa tope katikati ya matofali, kama walivyojenga wengi zamani, na tope likalainika. Ukuta wa barabarani ukalala. Wa pili ukaufuata, ukiwa na televisheni, spika na kila kitu.

Hakuna aliyeumia. Hilo tulilisema mara nyingi jioni ile, kwa sababu hatukuwa na lingine la kusema. Othieno alikimbia ndani ya mvua akavuta mabenchi aliyoweza kuyafikia. Damalie alisimama mlangoni kwangu bado ameshika kikopo cha chumvi.

"Nitajenga," alisema. "Othieno, unasikia? Nitajenga."

"Nasikia, Mama," Othieno akajibu, maji yakimtoka kwenye nywele. "Mimi nitangoja."

Akaenda Kirewa kungoja. Alilima viazi, alipalilia mtama wa mama yake. Kila alipokuja sokoni Busia alipita kumsalimia Damalie. Walisimama pale kwenye kifusi wakionyeshana kwa vidole: mlango utakaa hapa, televisheni itakaa kule, safari hii kuta ziwe za simenti. Nilipenda kuwatazama. Walikuwa kama watu wanaojenga kwa mikono mitupu, na nyumba nayo inapanda.

Lakini mvua ile ilikuwa imefanya jambo chini ambalo hatukuliona. Mtaro wa nyuma uliziba, maji yakachimba njia yao chini ya kiwanja, na mwezi mmoja baadaye ardhi ikatitia. Palipokuwa na televisheni pakawa shimo la kumfika mtu kiunoni. Wahandisi wa mji walikuja wakapima, wakatikisa vichwa, wakapaka msalaba mwekundu kwenye kipande cha ukuta kilichobaki. Walimweleza Damalie kwa heshima: njia ya maji imehama, na haiwezi kurudishwa. Pale hapawezi kubeba jengo tena, la matofali wala la mabati. Kiwanja ni chake, lakini asijenge.

Alinieleza habari hiyo kama mtu anayesimulia ugonjwa wa jirani. "Wanasema hivyo," akamaliza. Kisha akaendelea kuulizia bei ya simenti kwenye lile duka la chini ya ofisi ya Harriet. Nilimwona. Alikuwa anauliza, anashukuru, anaondoka.

Mwezi wa nane Othieno alikuja akiwa amevaa shati jeupe. Walikaa mezani kwangu, kwenye pembe, na mimi nilikuwa nawapakulia, kwa hiyo nilisikia yote.

"Mama," alianza, "kuna redio pale Tororo. Walinisikia kwenye harusi ya binamu yangu, nilishika maikrofoni kidogo. Wanataka nitangaze mpira, na Jumapili nisimulie hadithi."

Damalie aliendelea kumenya kiazi chake. "Vizuri. Uliwaambia nini?"

"Niliwaambia nina mama yangu Busia, kwanza niongee na yeye."

"Basi umeongea. Mkataba upo. Miaka mitatu. Haijaisha."

"Mama, ukumbi hakuna."

"Nimesema nitajenga."

"Wale watu walikataa. Msalaba mimi mwenyewe naona."

"Wewe umechoka kungoja, sema umechoka!" Sauti yake ilipanda mpaka madereva wakaacha kutafuna. "Kevo alikutaka nikanyamaza? Sasa redio inakutaka, unavaa shati jeupe, unakuja kuniambia hakuna ukumbi, kama mimi sina macho!"

Othieno alisukuma sahani kando. Aliweka mikono juu ya meza, akaiangalia. "Sikuchoka, Mama," alisema. "Nimengoja na moyo safi. Lakini nangoja kitu gani?"

Aliinama kidogo kwa heshima, akatoka. Chakula chake kilikuwa bado kinatoa mvuke.

Siku iliyofuata Damalie alivaa tena gomesi ile ya kanisani. "Unisindikize," aliniambia. "Nakwenda kwa Harriet. Lazima kuna karatasi ya kumzuia mtu."

Harriet alitukaribisha, akamsalimia Damalie kwa kupiga goti kidogo kama tulivyomlea. Alisikiliza mpaka mwisho. Akachukua faili, akausoma mkataba wote mbele yetu, ukurasa mmoja na nusu, kisha akaufunga.

"Mama," alisema, "hakuna ninachoweza kumzuia nacho. Mkataba huu umekwisha."

"Bado mwaka mmoja na zaidi."

"Muda ndiyo upo. Mkataba haupo."

Damalie alinigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyeuiba. "Nani ameuvunja? Mimi sikuuvunja. Yeye anasema hakuuvunja."

"Hakuna aliyeuvunja," Harriet akasema. "Ndiyo maana nakueleza polepole. Mama, tuseme umepatana na mtu wa Kirewa, ng'ombe wake wakulimie shamba msimu mzima. Mmewataja ng'ombe wenyewe, wale wawili. Radi ikapiga, ng'ombe wote wakafa. Utamdai nini?"

"Atafute wengine."

"Hukupatana naye juu ya wengine. Mlipatana juu ya wale. Hakuwaua yeye, hukuwaua wewe, na hakuna aliyejua radi inakuja. Sheria inasema hapo mapatano yenyewe yamekufa pamoja na ng'ombe. Kila mtu anaenda njia yake, na hakuna mwenye kosa." Aligonga faili kwa kidole. "Hapa mliandika Ukumbi wa Mangeni. Hamkuandika ukumbi wowote. Siku ukumbi ulipoondoka na ardhi ikakataa mwingine, mkataba uliondoka nao."

"Sasa kila mtu akipata shida anasema mkataba umekufa?" Damalie aliuliza, na nilijua bado anapigana.

"Hapana. Shida peke yake haitoshi. Kama watu wangepungua, au vitu vingepanda bei, ungebaki umefungwa na yeye angebaki amefungwa. Hata paa peke yake lingetoka, likawezekana kurudishwa, mngengojeana. Na kama wewe ungeubomoa ukumbi kwa mkono wako, Othieno angekuwa na neno la kukudai. Lakini hili halikuwa mikononi mwa mtu. Na kilichobaki hakiwezi kufanya kile mlichokubaliana."

Nje, gari la taka lilipita likipiga honi. Damalie aliangalia sahihi yake kwenye karatasi, herufi kubwa zilizosimama wima, na ile ya Othieno iliyolala.

"Binti yangu," alisema, "mimi nilikuja hapa kumfunga yule kijana."

"Najua, Mama."

"Na wewe unaniambia yuko huru tangu ardhi ilipotitia."

"Tangu siku hiyo. Na wewe pia."

Tuliteremka ngazi. Hakuelekea nyumbani. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kiwanja, akasimama kando ya shimo lililokuwa limeota majani, na hapo akalia. Siku ya mazishi ya Isaac alikuwa akipokea wageni na kupanga viti, hakupata nafasi. Nilisimama nyuma yake. Boda mmoja alipunguza mwendo kutazama, nikampungia mkono aendelee.

Alipomaliza alijifuta kwa ncha ya mshipi wa gomesi. "Nilidhani nikimshika Othieno, nitakuwa nimeshika ukumbi," alisema. "Na nikishika ukumbi..." Akalitazama lile shimo, pale Isaac alipokuwa akikaa na maikrofoni yake.

Nilimwambia ampigie Othieno simu. Alikataa. "Tulifunga mapatano tukiangaliana. Simu nitasema nini?"

Basi Jumanne tukapanda gari la Tororo, na kutoka Tororo boda mbili mpaka Kirewa, njia ya vumbi, mashamba ya mihogo pande zote na mtama uliokuwa umeanza kuwa mwekundu. Mama yake Othieno, Anjeline, tulimkuta uani anaanika simsim, yaani ufuta. Hakutujua, lakini alipomsikia Damalie akijitaja, aliacha kazi yake akafuta mikono.

"Ni wewe," alisema. "Mtoto wangu analala vibaya kwa sababu yako."

"Nimekuja alale," Damalie akajibu.

Othieno aliitwa kutoka shambani. Alikuja na jembe begani, na alipotuona alisimama mbali kidogo, akalishusha jembe taratibu. Nadhani alitegemea ugomvi. Damalie alimwambia akae. Akamweleza yote ya Harriet, ng'ombe na radi na kila kitu, neno kwa neno kama aliyekariri katekisimu. Mwisho akasema, "Mkataba ulikufa wenyewe. Mimi nilikuwa nakaa na maiti, nakataa kuzika. Wewe hukunikosea. Nenda redio."

Othieno aliinamisha kichwa. Alikuwa na furaha, ilionekana kwenye mabega, lakini aliisitiri. "Mama, mimi sikutaka iishe hivi."

"Hata mimi."

Anjeline alituletea ugali wa mihogo na wimbi, na kunde zilizopikwa kwa simsim, na tukala. Ndipo Othieno akauliza jambo ambalo nilishangaa hakuwahi kuuliza muda wote ule.

"Mama, mzee Isaac alianzaje? Watu wananiambia mambo nusu nusu."

Damalie aliweka tonge chini. Alifikiri. Kisha akaanza kusimulia jinsi yeye na Isaac walivyotembea nyuma ya trekta, yeye akiwa na mimba, wakiogopa matofali yasidondoke. Siku ya kwanza jenereta ilikataa kuwaka, na Isaac alisimama mbele ya watu waliokwisha kukaa, akawaambia filamu yote kwa mdomo, bila picha, akiruka na kuanguka, mpaka jenereta ilipokubali na watu wakaizomea. "Walisema zima, zima hiyo, tunataka Mangeni!" Damalie aliigiza watu wale. Aliigiza jenereta. Aliigiza Isaac akijifanya mwanamke wa Kihindi anayeimba nyuma ya mti, shingo na macho vyote, na kabla ya kila neno aliacha ile nafasi.

Anjeline alicheka mpaka akashika ukuta. Majirani wawili walisimama njiani, wakaingia uani, wakakaa. Mimi nilikuwa nimemjua mwanamke huyu miaka yote ile, nikidhani alikuwa anasikiliza tu. Kumbe alikuwa anajifunza. Othieno hakucheka sana. Aliiangalia midomo ya Damalie, kama fundi anavyoangalia mkono wa fundi mwenzake.

Aliponyamaza, jua lilikuwa limeanza kuteremka, na tulipaswa kuwahi gari. Othieno alitusindikiza mpaka barabarani. Alitaka kusema neno, Damalie akamzuia. "Usiniage. Tororo ni mbali? Utanisalimia hewani."

Kile kiwanja sasa malori hugeuzia kwenye ukingo wake, na lile shimo limezungushiwa nguzo. Harriet alizirudisha nakala mbili za mkataba kwa wenyewe. Ya Damalie sijui iko wapi, sikuwahi kumwuliza. Yeye amerudi Buhehe kwenye shamba la Isaac. Ana mihogo, mbuzi wachache, na mwanawe Trevor amemjengea nyumba ya bati karibu na barabara. Mabenchi yaliyopona aliyapa kanisa la pale. Nilikwenda kusali naye Jumapili moja nikakaa kwenye benchi moja, nikapapasa ukingo wake, nikakuta majina ya madereva yamechorwa kwa kisu, ya Eldoret, ya Mombasa, na moyo ukaniuma kwa raha. Hoteli yangu bado ipo, lakini meza mbili nimeziondoa. Watu wanakula wanaangalia simu zao, kila mmoja anacheka peke yake, kwa wakati wake.

Mpira ukichezwa, nafungua redio. Othieno amekuwa maarufu. Wachezaji wanamfahamu. Mchezaji akichoka humtafutia kijiji cha kwao, humtajia chakula anachofikiria, na wauza nyanya walio nje ya hoteli yangu hupiga makofi.

Damalie alikuwa kwangu mechi ya juzi. Alikuja mjini kuuza mbuzi, akakaa kwenye pembe, mgongo kwa redio. Mshambuliaji alikuwa anakimbia na mpira, Othieno naye anakimbia na maneno, sokoni watu wamesimama, mimi nimeshika mwiko juu.

"Anaharakisha," Damalie akasema. "Ukimwona, mwambie apunguze."

"Mwambie mwenyewe, dada. Namba yake ninayo."

Akanyoosha mkono, nikampa simu.